Koti la Mchoma Mkaa

Koti lile nililiomba mwenyewe, hakuna aliyenituma. Nilimkuta baba ameketi nje ya nyumba yetu, kijijini upande wa Bunda, anajikwangua masizi kwenye kucha kwa ncha ya kisu. Nikamwambia kikundi chetu cha maigizo kinatafuta nguo za zamani za kiume. Akacheka, akaingia ndani, akatoka na lile la kahawia alilokuwa akilivaa kila akienda kwenye tanuri lake la mkaa. Bega la kushoto lilikuwa limepasuka, na mama alikuwa amelitia kiraka cha gunia la pamba.

"Chukua, mwanangu," alisema kwa lugha ya kwetu. "Limekula moshi miaka yote. Acha nalo likatembee."

Sikumwambia ni igizo gani.

Siku hizo nilikuwa naishi Nyakato, Musoma, nashona nguo asubuhi na kuigiza jioni. Mradi mmoja wa mazingira ulikuwa umetupa kazi ya kuzunguka vijijini na igizo la kuwaelimisha watu kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Tulipewa dakika arobaini na orodha ya ujumbe, na juu kabisa ya orodha uliandikwa mkaa. Kwa hiyo tulihitaji mchoma mkaa, mtu mbaya wa igizo, tena achekeshe, maana watu hawakubali kusimama juani kusikiliza hotuba.

Mwenzetu mmoja alijaribu akashindwa. Alikohoa kama mtu aliyepaliwa na ugali. Nikasema hebu nipeni mimi. Nikavaa koti, nikajichora masharubu kwa masizi, nikatembea kama baba anavyotembea, bega moja mbele, kisha nikakohoa kikohozi chake: viwili vifupi, kimya kidogo, halafu kimoja kirefu kinachoishia na "eeh", kana kwamba amekubaliana na mtu. Wenzangu walishika mbavu. Sitajitetea hapa. Katika maisha yangu sikuwa nimewahi kufanya jambo lolote vizuri kiasi kile, na nilifurahi mno.

Kiriba, ambako ziwa lilikuwa limepanda na kumeza mashamba ya ufukweni, walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Baada ya igizo mama mmoja aliniuliza kama huyo mchoma mkaa ndiye aliyelipandisha ziwa. Nikamjibu ndiyo, kwa namna fulani. Butiama walitaka turudie. Mchoma mkaa alikuwa anakata mti wa mwisho wa kijiji, mvua inakasirika na kuhama, ng'ombe wanakufa, na mwishoni anapiga magoti kuomba msamaha. Nikipiga magoti, makofi yanaanza.

Halafu ikaja ratiba mpya, na kijiji chetu kimo. Nilimwomba kiongozi wetu tukiruke. Yeye ni mtu mzima, ndiye aliyetufundisha wote, akanitania: "Wewe vipi? Mcheza kwao hutunzwa!" Ningeweza kumwambia kwamba mchoma mkaa ni baba yangu. Ningeweza kubadilisha mwendo, au kuliacha koti sandukuni. Sikufanya hata moja. Nilijiambia baba hapendi mikusanyiko, hatakuja. Lakini ukweli, makofi ya nyumbani nayo niliyataka.

Alikuja. Tulicheza kwenye uwanja wa mnada, naye alikaa na mama mstari wa mbele, kwenye benchi la wazee, amevaa shati lake jeupe la kanisani. Baadaye niliambiwa kwamba tangu asubuhi alikuwa anawaambia watu binti yake anakuja kucheza.

Walilitambua koti kabla ya kunitambua mimi. Mwanamke mmoja alipiga kelele, "Jamani, si koti la mzee hilo?" Nami nikakohoa. Uwanja mzima uligeuka kumtazama baba, wakawa wanacheka huku wanamtazama. "Mzee, njoo ujione!" mwingine akaita. Baba naye akacheka, kicheko cha mtu aliyepigwa na mpira mbele za watu. Kikohozi kikamshika katikati ya kicheko, kile kile, viwili vifupi na kimoja kirefu, na watu wakacheka upya kwa nguvu zaidi. Tangu hapo aliziba mdomo kwa kiganja. Nilicheza mpaka mwisho nikiyaona mabega yake yakitikisika kwa kikohozi alichokizuia. Nikapiga magoti. Makofi yakaja.

Jioni hiyo kikundi kilikula kwetu. Baba aliwakaribisha wote vizuri, akahakikisha kila mtu amepata maji ya kunawa. Kisha akanigeukia na kuniambia kwa Kiswahili, "Mmecheza vizuri. Shoka nimeliona. Sasa pamba mmeiweka wapi?"

"Pamba gani, baba?"

"Mimi nilikuwaga mkulima wa pamba. Mvua ikaanza kuja siku inayotaka yenyewe. Tunapanda, inakauka. Tunapanda tena, inakuja nyingi, inaozesha. Ndiyo nikashika shoka, na wewe ulikuwa sekondari. Hiyo haimo?"

"Dakika zilikuwa chache, baba."

"Haya," alisema. "Dakika."

Kiswahili baba alikuwa akikitumia kwa walimu na maofisa na wageni. Kwangu mimi hakuwahi, tangu nazaliwa. Kuanzia jioni ile hakuniambia tena neno kwa lugha nyingine. Nikimsalimia kwa lugha ya kwetu, ananijibu kwa Kiswahili, kwa adabu, na kuniuliza habari za safari.

Mkaa aliuacha. Watu wa mradi walipopata habari walifurahi, wakaja kumpiga picha amesimama kando ya tanuri lililobomoka, na sisi tukapongezwa kwamba sanaa imefanya kazi yake. Huenda ilifanya. Miti ile ya bondeni ipo mpaka leo. Lakini pamba haikurudi, wala hakikuja kitu kingine mahali pake, na mama alinificha kwamba mwaka ule walikuwa wanakula mara moja kwa siku. Baba aliacha kwenda mnadani. Alihamishia kiti chake nyuma ya nyumba, mahali wapita njia hawamwoni. Kikohozi tu ndicho hakikuacha.

Mimi nikaanza kuandika sehemu ya pamba. Niliiandika mara nyingi, nikaifuta mara nyingi, nikagombana na kiongozi wetu juu ya dakika mpaka akanipa kumi na mbili. Nikampigia mama simu: mwambie baba pamba imeingia, tunakuja kuicheza hapo. Kesho yake nikapiga tena kuuliza amesemaje.

"Ameuliza kama dakika zimetosha," mama alisema.

Ulikuwa mzaha? Sijui. Nilitaka sana uwe mzaha. Kiangazi hicho hicho, kabla ratiba yetu haijafika Bunda, alifariki.

Tulikwenda kuicheza hata hivyo, baada ya mazishi, uwanja ule ule. Nilipalilia pamba hewani, nikatazama juu, nikachota udongo uliokauka na kuuacha umwagike. Nilipolishika shoka hakuna aliyecheka, na nilipokohoa wanawake wawili waliinamisha vichwa. Ofisa wa mradi aliniambia pembeni kwamba ni zuri, ila lile la kwanza lilikuwa na ujumbe zaidi.

Nikalikunja koti, nikampelekea mama. Nilitaka akae nalo. Alilipokea kwa mikono miwili, akapapasa kile kiraka cha gunia alichokishona mwenyewe, kisha akaliweka usoni na kuvuta pumzi muda mrefu. Kwenye kikundi tulikuwa tumelifua mara nyingi, na siku nilizoumwa walilivaa wengine. Akavuta pumzi tena. Halafu akanirudishia.

"Kaa nalo," alisema. "Hili ni la mchoma mkaa wenu. Mimi niliolewa na mkulima wa pamba."