Socorro na Mbio za Saa Kumi Jioni

Wengine wana mpira. Socorro Villaseñor alikuwa na mbio za polisi. Miaka thelathini aliyoishi Loma Seca, pembeni mwa Los Angeles, helikopta ya televisheni ikianza tu kuonyesha gari linalokimbizwa, yeye yuko kwenye kochi, bakuli la maembe yenye pilipili mapajani. Alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, kwa hiyo alijihesabu mtaalamu. Huyu atakwama relini, alizoea kusema, na mara nyingi alikwama kweli. Jirani yake Ofelia kazi yake ilikuwa kumpigia simu na kusema neno moja, "Washa," kisha kila mmoja alitazama kwake huku simu imebanwa sikioni, wakimsuta dereva kwa pamoja.

Mumewe, Eusebio, hakuwa na habari na mambo hayo. Alikuwa mtu wa taratibu hadi kuudhi. Simu ikilia akiwa anaendesha, aliwasha indiketa, akatazama vioo vyote, akaegesha kando, akazima injini, ndipo akasema haloo. Kwa tabia hiyo Socorro alikuwa amemsema tangu simu za mkononi ziingie mjini, na mzee hakubadilika hata chembe.

Wiki ile baraza la mji lilikuwa linajadili kuwakataza polisi kukimbiza magari kwa makosa madogo. Socorro alikasirika kana kwamba wanakuja kumng'olea televisheni yake. Alijiandikisha kusema siku ya Alhamisi; kila mkazi alipewa dakika mbili. Hotuba aliiandika jikoni: mhalifu akijua hakimbizwi, kesho ataondoka hata na basi la shule, watoto wakiwa ndani. Tusidanganyane, hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi.

Jumatano, saa kumi jioni, alimtuma Eusebio akanunue maganda ya mahindi ya kufungia tamale, ile mikate ya mvuke ya unga wa mahindi. Mzee hajafika mbali, simu ikalia. "Washa," akasema Ofelia.

Ilikuwa pikapu nyekundu iliyobeba magodoro, na polisi saba nyuma yake. Godoro moja likaruka, likamfunika polisi wa kwanza kioo chote, na mashoga wawili wakacheka hadi machozi. Kisha Ofelia akauliza:

"Shoga, hiyo si njia ya kwetu?"

Ilikuwa njia ya kwao. Helikopta ikapanda juu, na njia panda ya sokoni ikaonekana yote. Upande wa pili, likielekea kwenye taa ya kijani mwendo wa konokono, lilikuwa gari dogo jeupe lenye boneti ya kijani. Boneti ile Eusebio aliipaka mwenyewe, kwa rangi iliyobaki ya geti. Mjini kote hapakuwa na nyingine.

Socorro akamkatia Ofelia simu. Akabonyeza jina la mumewe, akajuta papo hapo, simu isije ikamzubaisha njia panda, kisha akabaki anatazama kioo cha televisheni na kumwomba Mungu bila mpangilio. Simu ikaita mara moja, mara mbili. Kwenye kioo, indiketa ya gari dogo ikaanza kuwaka. Likasogea kando polepole, kwa adabu zote, likasimama. Pikapu ikaipita taa nyekundu kama haipo, ikapita palepale ambapo Eusebio angekuwa, ikaivunja nguzo ya taa vipande viwili.

"Haloo," akasema Eusebio. "Umesahau nini tena?"

 Socorro alilia tu, na mzee, kwa kuzoea kugombezwa, akamwomba radhi kwa kosa ambalo hakulijua.

Taarifa ya habari ikaeleza: dereva wa pikapu alipona, na kisa cha yote kilikuwa kibandiko cha ada ya mwaka kwenye namba ya gari, kilichopitwa na muda tangu Machi.

Alhamisi Socorro alisimama mbele ya baraza, karatasi yake mfukoni. Alisema amekuja kuwatetea polisi na ameghairi, kisha akaeleza habari ya njia panda. Mkuu wa polisi wa mji, mtu mpole, akamwuliza kama angependa wavunja sheria waachwe waende zao.

"Wenye bunduki wakimbizeni, sina neno," akasema Socorro. "Lakini huyu namba yake mlikuwa nayo, ndiyo mliyomkimbizia. Si mngemwandikia barua, baba?"

Ukumbi mzima ukacheka. Yeye hakucheka.

Sasa Ofelia bado anapiga simu, na Socorro bado anawasha, asisingiziwe utakatifu. Lakini anayekimbizwa hamtazami tena. Anatazama magari madogo yanayokaribia njia panda, yasiyojua kitu, kila moja na mtu wake aliyetumwa sokoni, na Ofelia humsikia akinong'ona simuni, "Simama, baba. Simama kidogo tu."