Kipande cha Mpira Kwenye Usukani

Juzi nilikuwa nyumbani Nyakato, namsaidia mama kutoa vitu stoo, nikakutana na gari la rimoti la marehemu mdogo wangu. Kama umekulia Musoma unajua viwanja vyetu vilivyo, mawe matupu. Ndiyo maana niliyatazama magurudumu ya mbele kwanza.

Mdogo wangu alikuwa na selimundu. Maumivu yakimshika alilala mkekani barazani siku nyingi, mama akikaanga samaki wa furu na yeye hataki hata kuonja. Gari aliletewa na sista wa misheni ya Nyegina aliyekuwa akija kumwona. Basi, akiwa amelala palepale, alilipeleka mpaka kwa jirani, kwenye bomba la maji, ambako miguu yake haikumfikisha.

Shida ilikuwa kile kimota cha kukata kona, ambacho mafundi wanakiita sevo. Gurudumu likigonga jiwe, pigo lilipita kwenye waya mgumu hadi kwenye vijino vyake vya plastiki. Siku moja vikang'oka. Gari likawa linakwenda mbele tu, na mdogo wangu akageukia ukutani. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha.

Mjomba wetu alikuwa mvuvi kisiwani Rukuba. Huko, jiwe la kuzamishia nyavu walilifunga kwa kamba chakavu, makusudi.

"Jiwe likinasa chini, inakatikaga kamba, nyavu inabaki," alisema huku akilifungua gari.

Alitafuta kimota kingine mjini, akautoa ule waya, mahali pake akafunga kipande cha tyubu ya baiskeli. Kona zikawa nzito kidogo, lakini mpira ulimeza mapigo yote. Mdogo wangu aliligongesha mawe kwa makusudi, akicheka, na mimi nilifurahi mno.

Mwaka ule hakuyamaliza masika. Maumivu yalihamia kifuani, na kwa hayo mjomba hakuwa na kamba wala mpira. Mpaka leo nina hasira.

Hiyo juzi nikaweka betri mpya. Mpira umekauka, umepasuka, magurudumu hayakugeuka. Ila kimota ni kizima. Kikatoa ule mlio wake mwembamba, kushoto, kulia.

Mama akatoka jikoni mbiombio, mikono ina unga wa muhogo. Akanipita, akaenda kusimama barazani, pale ulipokuwa mkeka wa mdogo wangu.

Nikazima. Mama akarudi kusonga ugali.