Tarehe Niliyomnyima Akinyi

Mshumaa wa keki ukizimwa kwa pumzi ya mtoto huacha harufu yake ya pekee: nta, moshi mwembamba, sukari, na mate kidogo, tusidanganyane. Jumapili iliyopita mwanangu Kamau alitimiza miaka mitano hapa kwetu Kawangware, na harufu hiyo iliponifikia, nikarudi nyuma hatua moja kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Wenzangu walikuwa wanapiga makofi. Rafiki yangu Akinyi, aliyetoka kwake Kianda asubuhi na mapema kuja kunisaidia kupika, ndiye aliyeshika kisu cha keki. Kamau akamwangalia, mdomo umejaa, akauliza, "Anti Akinyi, bathdei yako ni lini?"

"Tarehe moja Aprili," akasema. "Siku ya wajinga."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Yeye naye akacheka, kile kicheko cha mtu aliyechekwa kwa jambo lilelile tangu darasa la kwanza. Mimi nikatoka nje kwenye kamba za nguo, nikajifanya naanua soksi. Akinyi hakuzaliwa tarehe moja Aprili. Alizaliwa tarehe kumi na nne Septemba, na kwa zaidi ya miaka ishirini mtu pekee aliyejua hivyo ni mimi.

Ngoja niwaeleze. Mkitaka kunitukana, nitukaneni mkishamaliza kusoma.

Utotoni tulikuwa tunakaa kwa ploti ya shosho, nyanya yangu, nyumba ya mawe mbele na vyumba vya mabati vya wapangaji nyuma. Chumba cha mwisho, karibu na choo, kilikuwa cha Mama Akinyi. Alikuwa ametoka upande wa ziwa na mtoto mgongoni, na kila asubuhi alienda kufua nguo za watu. Akinyi alibaki kwetu akinifuata kama mkia. Nilimzidi miaka minne. Nilimfundisha kuandika jina lake ukutani kwa kipande cha makaa. Nilimwambia rubani wa ndege humpungia mkono mtoto aliyeanza kumpungia, na maskini akawa anapungia kila ndege iliyopita juu yetu mpaka mkono unachoka. Kila nilichosema, kwake kilikuwa kweli. Nilimpenda yule mtoto, jamani. Msidhani nilimchukia.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja nisichogawana na mtu. Mwaka mzima mimi nilikuwa tu Shiru, mjukuu wa nne kati ya watano, wa kuvaa viatu vilivyowabana binamu zangu. Halafu inafika tarehe kumi na nne Septemba, siku niliyozaliwa mimi. Anti Njoki, binti wa shosho, anaweka sufuria juu ya jiko, anafunika, anapanga makaa juu ya kifuniko, na keki inaanza kunukia mpaka watoto wa ploti nzima wanajipanga ukutani, kimya, kama wako kanisani. Juu yake anaandika jina langu kwa sukari ya rangi ya waridi. Jina moja. Siku hiyo hata shosho aliniita "mwenye siku".

Sasa, Januari moja, Mama Akinyi akaja jikoni kwetu na fomu ya shule. Akinyi alikuwa anaingia darasa la kwanza. Mama mtu alikuwa amesoma kidogo sana, na fomu ilikuwa ya Kiingereza, kwa hivyo akanitafuta mimi, msomi wa darasa la tano. Alifungua karatasi ya mkate polepole, akatoa kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne.

"Shiru, nyathina," akasema, maana aliniita mwanawe kwa Kijaluo. "Mimi najua alizaliwa asubuhi, ndio maana ni Akinyi. Hizo tarehe ziko kwa kadi. Niandikie poa."

Nikaikunjua. Maandishi ya nesi yalikuwa yamefifia, lakini tarehe ilisomeka vizuri. Kumi na nne, mwezi wa tisa.

Sijasahau nilivyohisi. Niliwaka. Hiyo ni yangu! Nikamwona shosho, jinsi alivyompenda yule mtoto, akisema, "Njoki, andika na Akinyi hapo." Nikaona jina langu likisukumwa pembeni ya keki ili lingine lipate nafasi. Nikachukua kalamu nikaandika tarehe moja, mwezi wa nne. Nilichagua hiyo makusudi. Nilijua ni siku ya wajinga na nikaona nimefanya jambo la kuchekesha sana.

"Nisomee," Mama Akinyi akasema.

Nikamsomea. Akajikuna shingo. "Mwezi wa nne? Mimi nilidhani tulikuwa tumeshavuna mahindi."

Nikafunika kalamu.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye unasoma."

Mwanamke mzima aliyebeba mimba na kuzaa alikubali kwamba amesahau, kwa sababu mtoto wa darasa la tano alikuwa na kalamu. Nikiandika haya uso unanichoma.

Na sikuishia hapo. Nilimwambia kadi hubaki shuleni, na kwamba nitaipeleka mimi pamoja na fomu. Alipotoka, nikaiingiza kwenye jiko lililokuwa linachemsha githeri, mahindi na maharagwe. Ilijikunja, ikawaka, ikaisha. Shosho akaingia akauliza nani anachoma karatasi ndani ya nyumba, nikasema ni ya daftari la zamani.

Shuleni, Akinyi alipokuwa akisema siku yake, watoto walipiga kelele kwamba anawadanganya. Mwaka mmoja mama yake alimpa mandazi awapelekee wenzake, wakayakataa kwa uoga kwamba yametiwa pilipili. Alirudi nayo yote. Tuliyala sisi wawili nyuma ya choo, akilia, nami nikimfariji! Na kila Septemba ndiye aliyejaza mkebe maji kunimwagia, maana mwenye siku lazima aloweshwe. Ndiye aliyeimba kwa nguvu kuliko wote. Kisha alibaki na mama yake wakiosha sahani, na hakuna aliyemwambia ni siku yake.

Walihamia mtaa wa Soweto West alipokuwa darasa la nne. Tarehe yangu ya uongo ikahama naye, ikaingia kwenye karatasi za mtihani, ikaingia kwenye kitambulisho. Nilipokuwa na miaka kumi na tano niliogopa kuchapwa. Nilipofika ishirini nikajiambia mambo ya serikali hayabadilishwi kirahisi, niache tu. Mwoga hakosi sababu.

Na huyo niliyemfanyia hivyo ni mtu wa namna gani? Nilipojifungua Kamau, matatu zilikuwa zimegoma, na Akinyi alitembea kutoka Kianda mpaka hapa na chupa ya uji kwapani, akafika miguu imejaa vumbi akauliza tu kama mtoto amenyonya. Shosho alipolala kitandani miezi yake ya mwisho, ni Akinyi aliyemshonea gauni jepesi la kufungwa nyuma asisumbuke kugeuzwa. Hajawahi kunyooshea mtu kidole. Ana mdomo, ndiyo, na akikosoa ugali wangu mtaa mzima unasikia, lakini moyo wake ni safi. Kila wema alionitendea niliupokea kama mwizi anayekaribishwa chai.

Basi Jumapili hiyo akanifuata nje. "Soksi mbili zinakuchukua dakika kumi? Kuna nini?"

Nikamwambia. Yote, mpaka jiko na githeri. Nilisema nikiangalia chini, na nilipomaliza nikaanza, "Akinyi, pole..."

"Usiniambie pole saa hii."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilingoja atukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kwa machozi pia. Nilidhani ataulizia zile sherehe alizokosa, au kicheko cha watoto wa shule. Mama yake tulimzika kwao, upande wa ziwa, miaka mitatu iliyopita, na nilijua atamtaja.

"Hiyo kadi," akasema mwishowe. "Iliandikwa nini kingine?"

"Kivipi?"

"Mama alikuwa anasema nilizaliwa kadogo, hivi," akanionyesha kiganja chake. "Kwamba nesi mmoja ndiye alikaa na mimi mpaka nikapumua vizuri, na kwamba jina la huyo nesi liko kwa kadi, na kilo zangu. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza akasema kadi ilibaki shule. Nilienda shule nikaulizia, Shiru. Mara mbili. Nilikuwa kilo ngapi?"

 Miaka hiyo yote nilidhani nimemwibia siku moja kwa mwaka, na kwamba nikijikaza nitamrudishia. Ile kadi nilikuwa nimeisoma mstari mmoja tu.

"Sijui," nikasema. "Sikuangalia."

Akainuka, akafuta sketi yake, akarudi ndani kuwagawia watoto keki.

Leo ni tarehe kumi na nne Septemba. Akinyi, umetimiza miaka thelathini. Heri ya siku yako ya kuzaliwa, rafiki yangu. Mimi leo sikati keki yoyote, na simu yako sijathubutu kuipiga. Siku nimekurudishia. Kilo zako na jina la yule nesi nilivichoma, na aliyekuwa anaweza kukumbuka hata kidogo tulimzika mimi na wewe tukishikana mikono.