Nipige magoti mbele ya ule aliyechezea kifo cha baba yangu?

(Mwenye barua hii alituomba tufiche jina lake na la shule yake. Someni, mumujibu.)

Niko kijana wa miaka kumi na sita, mutu wa Walikale. Nasoma mwaka wa tano kwenye shule ya misioni upande wa Mweso, na nalala kulekule. Mwaka uliopita udongo uliangukia baba yangu ndani ya shimo la zahabu huko Omate, akafa. Mama akaniambia: "Wewe utasoma. Shimoni hauingie."

Darasani iko kijana mumoja, mutoto wa karani wa misioni. Alipojua namna baba alikufa, akaanza kuniita "Panya wa shimo". Akafukia daftari zangu. Nikaenda kwa mwalimu, akasema: "Vumilia, ni michezo tu."

Siku moja tulikuwa tunalima maharagi ya shule. Yule kijana akalala mu mufereji, akaita wenzake wamumwangie udongo, akapiga kelele: "Mwanangu, nitoshe mu shimo! Nitoshe, mwanangu!" Wakacheka wote. Sijui nilifika pale namna gani. Nilimupiga na mupini wa jembe, jino likatoka.

Mwalimu alinichapa fimbo mbele ya shule nzima. Nikamuambia: "Mwalimu, uliza kwanza alisema nini." Akajibu: "Jino naliona. Maneno yake iko wapi?" Nikamuangalia rafiki yangu, aliyesikia yote. Akainamisha kichwa. Kiisha akaniambia: "Unisamehe, kaka. Papa anatumika kwa karani."

Yule kijana hakuguswa. Mimi nilirudishwa nyumbani: kiisha Pasaka nipige magoti mbele ya wote, niseme nilimupiga bure. Nikikataa, nisirudi.

Kwa jino nitaomba musamaha na roho moja. Lakini ile neno "bure" inanikatala. Nalijaribu peke yangu njiani ya shamba, linakwama. Sikai, sisimami. Mama naye anaenda, anarudi, ananiambia: "Piga magoti, mwanangu. Magoti inanawa, vumbi inatoka." Juzi mutu mumoja alipita akiandika vijana wa kazi ya Omate. Akaniangalia mabega, akauliza jina langu. Mama akanivuta ndani mbele sijajibu.

Pasaka imebaki juma mbili. Wapapa, wamama na ndugu munaosoma ukurasa huu, musiniache peke yangu: mungekuwa mimi, mungelisema lile neno?