Ile ndege ya jeshi iliyoruka kwa bahati mbaya Ndalambo: mkono ulikuwa wangu, sio wa Kapteni

Wakuu, habari za kazi. Walionizidi umri humu, ingawa sidhani kama mpo wengi, shikamooni.

Mimi ni fundi breki wa malori hapa Tunduma. Shule niliachia darasa la nne, kwa hiyo mkiona kosa la herufi nisameheni. Mambo yenyewe nayaandika yalivyokuwa, hata pale yanaponivua nguo.

Wengi mliiona ile video ya jeti ya zamani iliyotakiwa itembee chini tu, ikaruka.

Nilikuwa kiti cha nyuma.

Kwanza mnijue. Ufundi nimeujifunzia chini ya malori, kwa kukabidhiwa spana na kuzabwa vibao. Leo nina gereji, mafundi saba, na nyumba ya tofali za kuchoma. Hakuna aliyenishika mkono. Dereva wa Zambia, wa Kongo, wa Dar, gari likimvuta upande ananitafuta mimi. Sisemi kwa kujisifu. Au ndiyo, najisifu, na tatizo lilianzia hapo hapo.

Sasa kuna tajiri mmoja ana shamba kubwa upande wa Ndalambo, lina kiwanja cha changarawe cha ndege za kupulizia dawa. Alinunua jeti chakavu ya mafunzo ya kijeshi, viti viwili, kimoja mbele kimoja nyuma. Alitaka itembee tembee wageni wapige picha. Kibali kilikuwa cha kutembea chini, kuruka hapana. Vile viti vya kumtupa rubani nje wakati wa hatari vilishatolewa baruti, kwa hiyo ukiwa humo, umo.

Akamtafuta Kapteni. Mzaliwa wa Ikinga kule Ileje, rubani wa jeshi mstaafu, alijifunzia ndege ya aina ile ile ujana wake. Jina sitaji, familia imeniambia Kapteni inatosha.

Breki zilikuwa zimeganda. Kapteni akasema anataka mtu wa breki, sio mtu wa vyeti, nikaitwa mimi. Kauli hiyo ilinipendeza mno.

Tulifanya kazi wiki tatu. Mtu mpole. Alikuja na viazi vya kuchemsha kutoka kwao, anakula na chai isiyo na sukari, na kila spana anaifuta kabla ya kuirudisha.

Kitu kimoja alinirudia sana. "Fundi, jeti sio dizeli. Ukisukuma mafuta inakaa kimya kwanza. Ikikaa kimya usiongeze. Subiri."

Nikamwambia injini nazisikilizaga tangu yeye anavaa kaptula.

"Mimi nimekuzidi miaka sita, Fundi," akanijibu, na akaendelea kufuta spana.

Siku ya majaribio tulianza asubuhi. Yeye mbele, mimi nyuma nimekalia mto wa sofa. Ndege ikatembea kwenda na kurudi mara mbili, safi kabisa. Mara ya tatu tukasimama mwanzo wa kiwanja. Kapteni akaniambia kwenye visikilizio kwamba breki za mbele ameridhika nazo, sasa nikanyage za kwangu nimwambie zikoje. Ile ni ndege ya kufundishia, kwa hiyo vifaa vya kuendeshea vya mbele na vya nyuma vimeunganishwa. Akivuta yeye, changu kinafuata. Nikisukuma mimi, chake kinafuata.

Wakuu, fundi wa Tunduma hapimi breki kwa kukanyaga tu. Lori likirudi nyuma kwenye foleni ya mpakani linaua mtu. Kwa hiyo unakanyaga breki mpaka mwisho, unatia gia, unapiga resi hadi lori litetemeke. Likigoma kusogea, umefaulu. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofundisha.

Sikumuuliza Kapteni. Nilikanyaga breki, nikasukuma mkono wa mafuta, ile fimbo ya kuongeza nguvu ya injini.

Kimya.

Nikaongeza. Kimya. Nikasema moyoni waya umelegea huu, nikausukuma wote.

Ndipo ikaja.

Kiti kilinipiga mgongoni. Breki zangu zilishika, hilo naliapia, matairi hayakuzunguka hata kidogo. Lakini yaliburuzika juu ya changarawe kama kitanda kinachohamishwa. Mguu ukanichomoka kwenye pedali, ndege ikapata uhuru wake.

"Achia," Kapteni akasema. Sauti ya kawaida tu.

Niliusikia mkono wa mafuta unavutwa kurudi nyuma. Yeye anavuta, mimi nimeukamata nausukuma mbele. Sio kusudi. Niliukamata kama mtu aliyepanda juu ya mzigo anavyokamata bomba la bodi ya lori. Mzee wa miaka sabini na kitu anavuta, na mimi mwenye mikono ya kufungua nati za magurudumu nasukuma. Nilimshinda.

"Achia, Fundi."

Nikaachia, tumeshachelewa. Mwisho wa kiwanja kulikuwa na ng'ombe wanavuka, na mbele yao mama mmoja ana dumu la maji kichwani, ametugeukia, amesimama tu. Kusimamisha ndege kabla ya kumfikia hakukuwezekana tena. Kapteni akausukuma mkono wa mafuta mwenyewe safari hii, akainua pua. Nilimwona yule mama akijitupa chini.

Tukawa juu.

Sitapamba. Nilijikojolea. Niliiona barabara ya malori chini, nyembamba, nikawaza kuwa huenda mle yamo niliyoyafunga breki wiki ile. Kapteni akanieleza taratibu kwamba kushoto ni Zambia, na hatuwezi kuingia nchi ya watu na ndege ya jeshi bila kubisha hodi, kwa hiyo atakata kona fupi kulia. Kona hiyo ilinivuta mashavu.

"Mikono yako iko wapi, Fundi?"

"Magotini, Kapteni."

"Iache huko huko."

Alizunguka mara moja, akashuka. Tairi la kulia likapasuka, tukatoka kiwanjani, tukaingia kwenye alizeti, tukasimama. Hakufa mtu wala ng'ombe. Yule mama alichubuka viwiko.

Kapteni alizima swichi moja moja bila haraka.

Watu walikuwa wanakuja mbio. Akaniambia, "Utasema ulikuwa abiria."

Nikamwambia Kapteni, aliyesukuma ni mimi.

"Najua aliyesukuma. Ila ndege ina mkubwa mmoja, na aliyekupandisha ni mimi."

Wahusika wa usalama wa anga walipokuja kuhoji, alisema ameirusha yeye. Nami nikaulizwa. Nikasema nilikuwa abiria.

Neno moja tu hilo, wakuu. Limekaa miaka mitatu.

Kapteni alizuiwa kugusa ndege yoyote. Video ikasambaa. Humu mkafungua uzi, mkacheka kurasa na kurasa. Babu katamani ujana. Babu kaiba ndege. Kanisani kwao alikuwa mzee wa kanisa, akaombwa apumzike kidogo mpaka maneno yaishe. Hayakuisha.

Na mimi? Mimi niliitwa Fundi Jeti. Wateja wakaongezeka. Nikachoresha ndege kwenye bango la gereji. Nilikuwa nasimulia nilivyotulia kule juu, nikampa moyo mzee aliyechanganyikiwa. Ndiyo, nilisema hivyo. Nilisema mara nyingi mpaka na mimi nikaanza kuiamini.

Kapteni alinipigia simu mara moja, kuuliza kama mgongo umepona. Nikamwambia nina mteja, nitakupigia. Sikupiga.

Mwaka huu baada ya mavuno nikapata habari amefariki. Nikaenda Ikinga kuzika.

Msomaji wa wasifu alisoma vizuri, kuzaliwa, jeshini, ndoa, watoto. Alipofika miaka ya mwisho akaruka mistari, kila mtu akajua ameruka nini. Nyuma yangu kuna mtu akatoa mlio wa ndege kwa mdomo, chini chini, na mwenzake akaziba kicheko.

Nikasimama. Sikupewa nafasi, nilisimama tu. Nikasema aliyeirusha ni mimi, aliyeokoa watu ni huyu aliyelala hapa, na kwamba nilimshinda nguvu kwa mkono, kisha nikamshinda tena kwa mdomo. Nikakaa. Mchungaji akaendelea na ibada.

Tulipotoka kaburini mjane akaniita. Ni mtu asiye na maneno mengi. Alikuwa amekaa mkekani, hakunyanyua uso.

"Kila simu ikilia alikuwa anauliza, ni Fundi?"

Nikachuchumaa mbele yake.

"Umesema vizuri, baba. Lakini umewaambia watu wa hapa, na wa hapa walikuwa wanamjua. Kaseme kule walikomcheka."

Nimerudi Tunduma, nimelifuta bango kwa mkono wangu. Madereva nimewaambia mmoja mmoja. Wengine wamehamia gereji nyingine, na ni haki yao. Leo imefika zamu yenu.

Nilichojifunza sio kirefu. Ukiijua kazi moja sana, ogopa unapoingia kwenye kazi ya mwenzio, maana mkono wako utafanya ulichozoea kabla hujafikiri. Na mtu akikubebea kosa, mpigie simu wakati bado anaweza kupokea.

Ulizeni mnachotaka. Wa kutukana atukane, nitajibu wote, naandika kwa kidole kimoja kwa hiyo vumilieni. Lakini wewe uliyecheka kwenye ule uzi, unajijua, andika hapa neno moja kwa Kapteni. Binti yake ni memba humu. Anawasoma, na jioni anamsomea mama yake.