Mama wa Farasi

Juzi nilikwenda ofisini Kwale kuomba kazi, nikamkuta karani akiandika historia ya mbio za farasi wachanga za kuruka viunzi, zile za Wazungu wa Diani. Mzee mmoja wa Msambweni alikuwa ameegemea kaunta.

"Mwandike mwanangu," alisema. "Ndiye aliyemfundisha yule mshindi kuruka, hata akaangukiwa naye, akafa."

Karani alipitisha kidole daftarini. "Sorry, mzee. Huandikwa farasi, baba yake, mama yake, na bwana aliyempanda siku ya mbio. Wafunzaji hawamo."

"Mama wa farasi yumo?"

"Yumo."

"Mwanangu naye ana mama. Yuko nyumbani angoja nimwambie ameandikwa."

Karani akafunga daftari. That is history, wasomaji. Mzee aliaga kwa adabu, kana kwamba mkosa ni yeye.