Maji Ndani ya Bawa

Jua lilikuwa halijapanda vizuri, na Mado Mwape alikuwa ameshakasirika. Sababu ilisimama mbele yake, pale uwanjani: ndege ndogo ya Papa Dominique, ile ya motere moja, yaani injini moja, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi, maji bado yanachuruzika kwenye mabawa.

"Nani ameosha hii ndeke?"

"Miye, mama." Djo, dereva wa gari la Papa Dominique kule nyumbani kwake, mtaa wa Golf, alikuwa anatabasamu na ndevu zake zote. "Patron anaenda ku kilio ya mukwe yake, kule Pweto. Aende na ndeke ya buchafu? Nimeleta mashini yangu ya kuoshea jeep. Angalia vile inawaka!"

"Umepiga maji mpaka kule juu, ku bifuniko ya mafuta?"

"Kila mahali. Miye hapana muvivu."

Mado alitamani kumpiga na kiatu. Kweli, kwao hakuna anayekwenda kwenye kilio cha wakwe na gari la vumbi. Wangemsema mpaka matanga ya mwaka mwingine. Lakini jeep ni jeep, na ndege ni ndege. Mpira wa kifuniko cha mafuta kwenye bawa la kushoto ulikuwa umechoka, hauzuii tena maji, na mara tatu alikuwa amemwambia Papa Dominique anunue mwingine. Mara tatu alijibiwa, "Tutaona."

Mado ni mtoto wa mtaa wa Ruashi. Aliishia darasa la sita, kwa kuwa karo iliyobaki ilikwenda kwa kaka yake, ambaye mpaka leo hajui hata kubadilisha balbu. Mwaka wa kumi na tisa sasa anajaza ndege mafuta kwa pampu ya mkono, na kabla ya kila safari anainama chini ya bawa na glasi, anafungua kizibo kidogo, anachota, anaangalia. Mafuta ya ndege hizi ni ya bluu. Maji hayana rangi, ni mazito, yanakaa chini, na katikati unaona mstari. Mzee Zéphirin, fundi aliyemfundisha, alikuwa akisema motere ikizimika juu sana, rubani anachagua shamba la kuangukia. Ikizimika wakati wa kupaa, hachagui kitu.

Alipochukua glasi yake, Hénoc, rubani kijana mwenye suruali nyeupe, alimwahi, akimwita Ya kama dada mkubwa.

"Ya Mado, usijisumbue, nimeshapima. Mustari hakuna hata moja. Safi!"

Akainua glasi aliyoichota kwenye bawa la kushoto. Kweli ilikuwa safi. Ungeweza kusoma gazeti kupitia glasi ile.

"Mafuta yetu iko rangi gani?" Mado akauliza.

"Bluu."

"Na hii?"

Hénoc akaiangalia glasi. Akaiangalia tena. 

"Mustari hakuna sababu mafuta hakuna, Hénoc! Yote ni maji! Bale balikupa diplome, balikupa na macho?"

Papa Dominique akafika wakati huo na suti nyeusi, saa mkononi.

"Tunapanda. Banazika saa sita."

"Hamupande, papa."

"Mado, we ni mama wa mafuta. Tangu lini unaamuru ndeke yangu?"

Mado akaichukua ile glasi ya Hénoc. Alimshika mkono, akammwagia glasi nzima kwenye kiganja.

"Nusa. Mafuta ingenuka, na ingeshakauka. Hii inaingia mpaka mu koti yako."

"Lakini motere itawaka!"

"Itawaka, ndiyo. Itakula ile mafuta iko mu tuyo, mu bomba yake. Mutakimbia ku piste mpaka mwisho, mutaanza kupanda, halafu maji itafika. Kule mbele iko manyumba ya bantu na batoto yabo. Mukwe yako eko na haraka ya kupata mwenzake?"

"Nikikosa maziko, kesho usirudi hapa."

"Kesho ni ya kesho. Leo ndeke haitembee." Akakaa chini mbele ya gurudumu la mbele, mgongo ukiegemea mpira.

Papa Dominique alimtazama Hénoc, akingoja neno. Hénoc alitazama chini. "Siwezi kuiendesha, patron," akasema polepole.

Basi Mado akasimama, akamkabidhi glasi. Hénoc alipiga magoti kwenye dimbwi na suruali yake nyeupe. Glasi saba zilitoka kabla bluu ya kwanza haijaonekana. Wakatikisa mabawa, wakangoja, wakachota tena: mstari mwembamba. Tena. Chujio la mafuta chini ya pua ya ndege, nalo wakalichota, mpaka kila glasi ikawa bluu tupu. Mpira mzuri wa kifuniko Mado aliuazima kwenye ndege iliyolala gereji. Halafu motere ikanguruma kwa nguvu muda mrefu, breki zimekazwa, na Mado akisikiliza kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Ya Mado, unisamehe," Hénoc alisema.

"Usiniombe miye. Omba mama yako, angekulilia bure."

Papa Dominique alipanda bila kumwangalia. "Umelowanisha koti yangu," ndilo neno pekee aliloacha.

Ndege ikakimbia, ikainuka, ikapita juu ya mabati ya mwisho, sauti haikukatika. Mado alipumua. Lakini hasira haikwenda nayo Pweto, ilibaki naye, kwa kuwa Djo alikuwa anakunja mpira wake wa maji huku anapiga mluzi. Mado akaenda moja kwa moja kwenye bomba, akalifunga, akang'oa mkono wa chuma wa kulifungulia, akaufundika kwenye ncha ya kitenge.

"Sasa, mama, nitaosha jeep na nini?"

"Na mate yako."